Nyenje wa Chini ya Mtungi

Mbalibali, jua likiwa bado juu

Boke binti yangu,

Salamu nazipunguza, maana asubuhi umeniamkia shikamoo, nimeitikia marahaba, kisha tumegombania kiazi cha mwisho ukanishinda. Mtu aliyekushinda kiazi humwandikii kwamba unatumaini hajambo. Hajambo sana. Sasa hivi umevuka kijito kwenda kumuaga bibi yako, na kwa jinsi bibi anavyojua kung'ang'ania mkono wa mtu, hutarudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Basi nina muda. Nina karatasi zilizobaki kwenye daftari lako la darasa la saba, na nina mwanga wa Mungu usiotaka mafuta ya taa. Mafuta ya taa duka la kijiji linasema yapo njiani. Njia hiyo bila shaka inaanzia China.

Utauliza: tata, kwa nini uniandikie na tunaishi nyumba moja? Kwa sababu mdomo wangu unanisaliti. Nikianza neno zito mdomo unakata kona, unaleta mzaha, wewe unacheka, na mimi nacheka, na neno lenyewe limeshaponyoka kama mbuzi. Kalamu haina meno ya kuchekea. Ingawa hata yenyewe naiona leo inajaribu.

Mambo ya kufua, kusali, kuamka mapema na kutopokea chakula cha usiowajua siandiki. Shangazi yako ameyasema tangu juzi, na mengine ameyarudia akidhani ni mapya. Mimi nina neno la nyenje.

Wasiotujua watacheka. Binti anakwenda Arusha, baba yake badala ya kumpa baraka anampa habari za wadudu! Wacheke. Wewe unajua kwamba Mama Kenge hakukuita kwa sababu ya uzuri wako, ingawa uzuri unao, umeurithi kwangu. Amekuita kwa sababu wanyama wake wanakonda. Wale mijusi na vinyonga aliohama nao kutoka huku wanakataa vipande vya nyama, na kiangazi hiki panzi hawapatikani. Ameandika wazi kwamba ukifika na mbegu hai ya nyenje wetu, kazi ya kuwafuga ni yako, na jioni utakwenda shule. Ukifika mikono mitupu atakupokea vizuri na kukulisha, halafu utarudi, kwa sababu wa kufagia anaye tayari.

Na mbegu hai iliyobaki, tangu siafu watutembelee, ni kopo moja la mchanga wenye mayai, linaloning'inia kwenye boriti juu ya kichwa changu hapa ninapoandika. Kopo ni moja, na wanaolitaka ni wawili.

Jana ulisema, "Tugawane nusu kwa nusu, tata. La sivyo siendi."

Nikasema sawa. Hiyo nusu kwa nusu nitaifikia. Kwanza nikuambie vitu hivi vimetoka wapi, maana wewe uliwakuta wanaimba, ukadhani walizaliwa na nyumba.

Mama Kenge unamkumbuka kama yule Mzungu mrefu mwenye kofia aliyekupa penseli ya rangi mbili. Alikuja kuchunguza wanyama wa hifadhini. Mchana alitazama simba kwa mshahara, na jioni alirudi nyumbani kwa mijusi yake kwa mapenzi. Alikuwa nao kwenye masanduku ya wavu, sebuleni kabisa: vinyonga, mijusi wa mawe wenye vichwa vyekundu, na kenge mmoja mchanga aliyelala chini ya kiti kama mbwa. Ndipo akapata jina.

Mimi nilikuwa mpishi wake. Siyo mpishi wa kubahatisha. Nimepikia maofisa kule Bama wakati wa vita na Wajapani, nimepikia mafundi wa reli Kisumu, nimepikia hoteli ya Nairobi ambako mteja alionja keki yangu akatoa machozi. Wengine wanasema ni kwa sababu ya chumvi. Shule niliacha darasa la nne, mimi na mwalimu tukiwa tumechokana kwa kiasi sawa, lakini dunia nimeisoma kwa miguu.

Sasa unajua kwetu kinyonga hasogelewi. Mtu mzima mwenye wake na ng'ombe akimkuta njiani anazunguka kupitia vichakani na kujisingizia anatafuta kuni. Wafanyakazi wote wa yule mama walikataa kuvuka mlango wa sebule. Mimi nikasema, nimeiona Bama, nitakimbia mjusi? Nikaingia. Mguu mmoja uliingia, mwingine ulibaki nje kwa mashauriano, lakini watu waliokuwa nyuma waliona nimeingia.

Wakati wa mvua nilimkamatia kinyonga panzi kwenye majani. Kiangazi kikaja, majani yakawa majivu, kinyonga akawa anazungusha macho yale mawili kila moja na safari yake, akinitafuta mimi. Mama Kenge akasema kwa kile Kiswahili chake cha kitabu, "Ndugu Chacha, huyu hali kitu kisichotembea. Tufanye nini?"

"Nitakufugia nyenje, Mama," nikamwambia.

"Unajua kuwafuga?"

"Mama, mimi ni Mkurya. Hakuna kitu chenye miguu kinachonishinda kufuga."

Boke, nikupe siri ya maisha yangu yote: mambo yote mazuri niliyoyafanya yalianza kwa mimi kujisifu mbele ya mtu, kisha kuona aibu ya kurudi nyuma. Sikushauri uige. Nakuambia tu ukijikuta umeahidi usichokijua, usitoroke. Kaa pale pale na aibu yako ujifunze.

Nilijifunza kwa maiti. Wa kwanza niliwapa maji kwenye sahani, kwa ukarimu, kama wageni. Wadogo wao ukubwa wa sisimizi. Asubuhi sahani nzima ilikuwa nyeusi, wamezama wote. Walitaka tone la maji kwenye kipande cha pamba, mimi nikawapa ziwa. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza, kila ninapompa mtu kitu, kama nampa yeye au nayapa macho ya watu wanaoniona nikitoa. Jibu huwa silipendi.

Wa pili wakakua vizuri ndani ya debe. Debe nililichagua mimi, kwa akili yangu: kuta zake ni laini, nyenje hapandi. Nikawawekea magunzi wajifiche, nikawapa pumba na majani ya maboga, nikaliweka debe karibu na jiko wapate joto. Nikamwambia Mama Kenge, "Njoo kesho uone jeshi." Kesho yake tukafungua mfuniko, yeye na mimi, na mama yako nyuma yetu. Ndani kulikuwa na miguu. Miguu mitupu, na nyenje wachache walioshiba.

"Wameliwa na nani?" mama yako akauliza.

"Na wao wenyewe."

"Kumbe ni wenzako wa Nairobi."

Mama Kenge hakuelewa kwa nini tunacheka mbele ya msiba. Mama yako akainama akachungulia, akasema, "Wanataka kitoweo hawa. Hata wewe nikikupa ugali mkavu wiki nzima utaanza kuniangalia vibaya." Akasaga dagaa kwenye kinu, akanyunyiza. Vita vikaisha siku ile ile. Mimi nilikuwa nimetembea nchi ngapi, na yeye safari yake ndefu ilikuwa kutoka Gorong'a kuja kuolewa na mimi. Hakuwa na elimu ya wadudu. Alikuwa na elimu ya njaa tu, na ya kunipikia mimi.

Kosa langu la tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Majike wakaanza kuchoma ile sindano yao kwenye kopo la mchanga mbichi na kutaga. Mimi, kila asubuhi, nafukua kuona. Na jioni nafukua. Mayai yanakauka, yanapasuka. Mama yako akanikuta nimepiga magoti na kijiti mkononi.

"Chacha, ulimfunua Boke tumboni kuona kama ana pua?"

Nikaacha. Nikatundika kopo juu, nikawa nanyunyiza maji bila kutazama. Jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya ni kunyunyizia maji kitu ambacho sikioni. Siku moja mwezi ukiwa umekua nikashusha kopo nikaona vumbi linatembea.

Basi tukawa wafugaji. Halafu tukahamishwa.

Wewe ulikuwa bado mdogo, unakumbuka labda lori na mbuzi waliokuwa wanalia. Operesheni ilitufikia kule kwenye mji wetu wa zamani karibu na mpaka wa hifadhi, tukaambiwa kila mtu aje hapa kijijini Mbalibali akae kwa mstari na wenzake. Watu walibeba walichoweza, vitanda, vinu, milango. Mama yako alibeba mtungi wa maji mikononi kama mtoto mchanga, na mimi nikabeba madebe ya nyenje. Mwenyekiti alipotusimamia kuandika mali akauliza, "Hao ni nini?"

"Mifugo, Ndugu Mwenyekiti."

"Wangapi?"

"Wanakulana, Ndugu Mwenyekiti. Hesabu itakuwa uongo kabla hujafunga kalamu."

Aliandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini, na huenda serikali inatudhani tuna ng'ombe wengi.

Nyumba mpya ilikuwa inanuka udongo mbichi. Mama yako akatafuta mahali pa mtungi, pale pembeni karibu na mafiga, na mtungi, kama unavyojua, haukai juu ya sakafu ngumu, unataka mchanga. Mchanga wa mtoni ulikuwa mbali na yeye alikuwa amechoka. Akachukua lile kopo lililokuwa karibu, akamwaga chini, akasawazisha kwa kiganja, akaweka mtungi juu. Hakuniambia. Kwake ulikuwa mchanga.

Mimi nilikuwa nahangaika na mengine. Shamba la kijiji lilikuwa la pamba, na pembeni mwa pamba watu wamepanda maboga. Majani yalikuwa mabichi, mapana, bila tundu hata moja la mdudu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini hayana tundu. Mimi nilichuma kikapu kizima. Siku mbili kabla, bomba la kijiji lilikuwa limepita pale na dawa ya pamba.

Waliokufa hawakulia hata kidogo. Niliamka nikasikia ukimya, na nyenje wote, wakubwa na wadogo, wamelala chali. Kule kwa Mama Kenge kinyonga alikuwa anasubiri. Nilipanda baiskeli nikaenda kumwambia kwamba mfugaji aliyeona Bama ameua kundi lote kwa mboga. Hakunikaripia. Alinimiminia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, na yule kenge akaja akalala kwenye kiatu changu. Niliporudi nikakuta mama yako amenitengea uji, nikaukataa. Mimi nikikataa uji, ujue hali ni mbaya.

Tukakaa hivyo, mimi nikilala na blanketi masikioni nisisikie ukimya, mpaka watu wakaanza kusema. Balozi wetu wa nyumba kumi akaja mchana mmoja, akasimama mlangoni kwa sauti ya kazi.

"Chacha, majirani wanasema una redio ya kificho."

"Ningekuwa nayo ningeificha mimi? Ningeiweka juu ya paa muione vizuri."

"Wanasikia inalia usiku. Krii, krii, kama inatafuta stesheni."

"Kaa kwanza, shemeji," mama yako akasema. "Kunywa maji, jua kali." Akachota kwenye mtungi, akampa kata. Balozi akainua, akanywa funda moja, na chini ya mtungi, hapo hapo kwenye miguu yake, kitu kikasema: krii.

Maji yote yakamwagikia kifuani.

"Mura, nyumba yako inaongea!"

"Inakusalimia, Ndugu Balozi. Itikia."

Alitoka kinyumenyume. Mimi tayari nilikuwa nimepiga magoti, nimelalia shavu sakafuni. Chini ya mtungi mchanga ule ulikuwa mbichi daima, kwa maji yanayojipenyeza kwenye udongo wa mtungi, na joto la mafiga lilikuwa karibu. Mayai yalipata kila kitu nilichokuwa nimehangaika kuyapa, na hakuna aliyeyafukua, kwa sababu hakuna aliyejua yapo. Walikuwa wametoka, wamekua, wanakula makombo ya ugali wetu na vichwa vya dagaa. Na dume mmoja ameshapata mabawa, anaimba.

Mama yako alisimama na kata mkononi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. "Basi huyu ni wangu," akasema. "Wako ulishawaua."

Na wakawa wake. Wote waliokuja baada ya hapo, wa madebe yote, waliokwenda kwa Mama Kenge kila wiki kwenye baiskeli yangu, ni kizazi cha chini ya mtungi ule. Ndiyo maana walikuwa wapole. Walizaliwa miguuni mwa watu.

Wewe ulikua nao. Uliwapa majina ya viongozi wa kijiji, ukaja siku moja kuniuliza kwa nini Mwenyekiti amemla Katibu, nami nikakuziba mdomo maana dirisha lilikuwa wazi. Ulijua kwa sikio debe lipi limepungukiwa maji. Ukilala, wakinyamaza, unaamka. Niliona hivyo nikasema moyoni, huyu mtoto amenipita, na sikukuambia kwa sababu mimi kusifu mtu mwingine huwa kunanipa kikohozi. Nakuambia leo. Umenipita.

Mama Kenge alipohamia Arusha na masanduku yake nilitaka kuacha. Hakuna wa kulishwa, ya nini kuhangaika kusaga dagaa? Mama yako akasema, "Waache waimbe. Unafikiri nimezoea kusikia wewe tu?" Nikawaacha. Ndipo yeye akaugua, akalala pale upande wa mafiga ili awasikie, na ulipofika wakati wake tukamzika. Tangu siku ile, Boke, sijawahi kusema jambo hili kwa mdomo: jioni watu wakishatawanyika, na wewe umelala, mimi nilikuwa siongei na Mungu. Nilikuwa nakaa nasikiliza nyenje wa mke wangu. Nyenje haishi muda mrefu. Waliokuwa wanaimba juzi hawakumjua hata kidogo. Lakini wimbo hawakuubadilisha.

Ndiyo maana siku ile ya siafu nilikosea.

Tulikwenda msibani Gorong'a tukalala siku kadhaa. Makopo ya maji tunayoweka chini ya miguu ya meza ya madebe, siafu wasipande, yalikuwa yamejaa tulipoondoka, lakini kiangazi hiki kinakunywa kama askari aliyestaafu. Tuliporudi nilijua kabla ya kugusa komeo. Nyumba ilikuwa imenyamaza. Siafu walikuwa wameshaondoka na kazi yao, wameacha magunzi na mabawa. Wewe ulikaa chini kwenye mlango ukalia, na mimi, kwa lile gonjwa langu, nikasema, "Hata marehemu yule wa Gorong'a hakuliliwa hivi."

Ukasema, "Tata, leo usifanye mzaha."

Hukupandisha sauti. Nimepigwa na Wajapani, nimepigwa na polisi wa Kisumu, sijawahi kupigwa hivyo. Nikatafuta neno la kweli la kukupa, nikakuta sina hata moja karibu. Nilikuwa nimeyaweka yote mbali, nyuma ya mizaha, kama mtu anayehifadhi mbegu nyuma ya magunia, akizitaka mvua imeshapita. Kisha wewe ukainua macho ukaliona kopo kwenye boriti, lile la kutagia, halijaguswa.

Nimefika kwenye nusu kwa nusu.

Jana ulipolisema niliona ni neno la haki, na mimi ni mjamaa, nani atakataa kugawana? Leo umeondoka nimelishusha kopo, nimeliweka mezani, nimechukua mwiko, na nimekaa, kisha nimelirudisha juu kama lilivyokuwa. Wewe unajua ninachokijua. Mchanga mwingi hukaa na unyevu wake. Mchanga kidogo hukauka upesi, nusu kopo haitamaliza safari ya vumbi ile, na nusu yangu haitamaliza kiangazi hiki. Tukigawana tutakuwa tumefanya haki, na kila mmoja atabaki na haki yake iliyokauka. Ulilijua hilo ulipolisema. Najua ulilijua. Ulisema hivyo ili upate sababu ya kutokwenda, na sababu hiyo uipate kwangu.

Nikwambie ukweli, niliipenda. Niliishika ile sababu kwa muda mrefu hapa mezani. Niliona ukirudi kutoka kwa bibi yako, nakuambia, "Boke, haigawanyiki, basi kaa," na wewe unavua viatu, na tunakula, na baada ya siku chache madebe yanaanza kulia tena. Ungekaa. Usingeninung'unikia kamwe. Ungezeeka hapa ukinisagia dagaa. Na mimi ningekuwa nimekupa ile sahani ya maji.

Kwa hiyo asubuhi utakuta makopo mawili mezani, yamejaa sawasawa, yamefungwa kitambaa sawasawa. Nitakuambia nilikwenda mtoni nikaongeza mchanga kila nusu ili unyevu usipotee. Utaniangalia. Nitakuangalia kwa huu uso uliodanganya mabwana wa nchi tatu. Kisha nitakupa kopo lako, na utaamini, kwa sababu utakuwa unataka kuamini na gari litakuwa linapiga honi.

Ukisoma hapa umeshafika, maana barua hii nitaificha chini kabisa ya mzigo wako, na huwezi kurudi kunigombeza. Kopo lako ni lile lenyewe, mchanga wake wote. Sikugawa, wala sikugusa hata kwa kijiti. Langu lina mchanga wa mtoni mtupu, nimeusafisha na kuuchekecha, ni mchanga mzuri sana, unafaa kujengea.

Usilie, na ukilia usimlilie kinyonga. Mlishe.

Mimi nitaendelea. Kopo langu nitalirudisha kwenye boriti, na nitalinyunyizia maji kila siku, kwa sababu shangazi yako anakuja kunikagua na sitaki maswali. Na kwa sababu mkono umezoea. Nyumba itakuwa kimya, hilo sitakuficha, na mimi ukimya sijawahi kuuweza. Nitaongea na balozi. Nitamwambia keki ya Nairobi ilivyokuwa. Ameisikia mara nyingi, lakini sasa ni mzee, anasahau vizuri.

Nina ombi moja, na si amri. Wakitoka na kukua, wasikilize kwanza wewe mwenyewe bila kuniandikia chochote. Wawe wengi. Walishe wanyama wa watu, soma jioni zako, uzoee baridi ya huko. Baadaye sana, mchanga wako ukiwa umejaa mayai ya kutosha sehemu mbili za kweli, utafikiria kunitumia kopo. Utapata dereva, utapata mtu wa Mugumu anayerudi kwao, ataapa kwamba atalifikisha. Usimpe.

Kule juu Ngorongoro kuna baridi inayoua mayai. Asubuhi nitakuonyesha unavyolifunga kopo tumboni, chini ya sweta, na kanga juu yake, kama mtu mwenye mimba changa. Dereva hawezi kubeba hivyo. Mtu wa Mugumu ataona aibu. Wa kulileta ni anayejua kulibeba, na ninayemjua ni mmoja.

Nakusikia. Unakuja na wimbo mdomoni, na bibi yako amekupa kuku, namsikia naye. Naficha karatasi.

Ni mimi baba yako,
Chacha